Tone la Jicho la Kushoto

Chupa ina mililita tano na kifuniko cheupe.
Hukaa kidaka cha tatu kutoka mlangoni,
kati ya saa iliyosimama na risiti za umeme.
Mara mbili kwa siku mama huinua uso kwenye boriti,
nami humwambia, usipepese,
naye hupepesa.

"Dawa hii nzito mno."
Si nzito, mama. Nzito huwa ikitulia.

Miaka sita nimefanya kazi ya uzito huu
Nairobi, chumba kisicho na dirisha:
kukoroga, kupima, kumwaga, kuosha chupa.
Sikuwahi kumweleza. Hakuwahi kuuliza.
Leo Mkomani nzima haina umeme, ameuliza.

Nikateka bakuli la maji birikani
(visamaki vya kula viluwiluwi vikakimbilia pembeni),
nikadondosha mafuta ya nazi, matone saba,
kila moja limejitenga kama mtu mwenye deni.
Tukangoja. Mawili yakagusana, yakawa moja.
Hilo likameza la tatu.

"Yatakani?"

Nyuzi zetu ni ndefu, mama, na zapenda maji,
zingeyeyuka humo zikapotea kama sukari.
Ila tumezishona: kila baada ya hatua mia
kikia kimoja cha mafuta.
Uzi wavutwa majini, kikia hakitaki,
na kutoka hakiwezi, kimeshonwa.
Basi hutafuta kikia mwenziwe.

"Mai yamewatendani?"

Hapo nikanyamaza. Hapo ndipo
kila mwanafunzi wangu hukosea,
na mimi nilikosea miaka miwili.
Hakuna chuki. Ni maji yenyewe:
yakizunguka kikia kimoja hulazimika
kushikana mikono, kusimama wima,
kama vijana waliopangwa mlangoni kupokea wageni wa harusi,
hawakai, hawachezi, hawaendi kunywa soda.
Vikia vikijikusanya faraghani
walinzi wachache hutosha,
waliobaki huachiwa, hutawanyika, hurukaruka.
Sisi twatazama mafuta, twasema yameungana.
Walioachwa huru ni maji.

"Harusi ya Shekuwe," akasema,
"walisimama hadi alasiri."
Shekuwe hajapiga simu tangu Mfungo Sita.

Nikaendelea haraka. Nyuzi zikiwa chache,
bakuli ni maji tu. Waongeza: maji.
Waongeza: maji. Kisha kuna kipimo,
kidogo sana, mwaka mzima nilikitafuta,
ukikivuka, vikia vya uzi huu vyadaka vya ule,
na ule wa ule, bakuli lote likawa wavu
usio na mfumaji.
Likitikiswa mafundo huachana.
Likitulia hurudi,
si lazima kwa mwenzi yuleyule.
Ndiyo maana ukipepesa, dawa hulainika,
ukituliza jicho, hukaa.

"Na uzi ukiwa mmoya?"

Nyumba hii ina vyumba vitano na yeye,
na paka wasio wake.
Ndege yangu Manda ni Jumatatu, saa tano.

Ukiwa mmoja, nikasema, hujikunja.
Vikia vyake vyenyewe hushikana ndani.
Kwa nje waonekana mdogo, mviringo, mtulivu.

"Haufi?"

Haufi.
Ila maji hayahisi kama umo.

Akalivuta kope la chini kwa kidole chake,
akatazama boriti.
"Tia."

Tone likaning'inia, likakataa, likaanguka.
Akapepesa, na kupepesa tena.
Nje mtu alikuwa akigombana na punda
juu ya mifuko ya simiti.
Bakulini yalibaki matone mawili,
moja kubwa, moja dogo,
kila moja ukingoni mwake,
na mkono wa mama juu ya meza
ukilisogeza bakuli kidogo, kidogo.